Nataka kuuzunguka mji wa Unguja kwa miguu nikifuata muziki tu, nianzie wapi?

Mtoto wa Kirumba

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mi niko Mwanza, mwezi ujao Mungu akipenda nashuka Dar alafu tunavuka Unguja na mdogo wangu wa kike. Yeye anapiga fidla kwenye kwaya ya kanisani na toka alipoanza kusikiliza taarab za zamani kwenye simu hana habari na kitu kingine, nyumbani ni Siti binti Saad, Bi Kidude, kile kikundi cha Culture, basi asubuhi mpaka usiku. Sasa hii safari ni yake, kamaliza chuo nimemwahidi.

Shida yangu ni kwamba kila nikitafuta cha kufanya Zanzibar naletewa pomboo, spaisi, kasa, mchanga mweupe. Vyote vizuri sijakataa ila sisi hatuendi baharini. Tunataka kutembea mjini wenyewe kwa miguu, bila mtembeza wageni, tuone muziki wa ule mji umetokea wapi na sa hizi unapigwa wapi. Tutakaa siku chache tu tena hela ya mawazo, kwaiyo hoteli za kuweka taarab na chakula cha usiku kwa bei ya dola hatuziwezi.

Naomba mnisaidie tuanzie wapi na tumalizie wapi, je hivi vikundi vikubwa mtu anaweza kuingia tu kusikiliza mazoezi au mpaka ujuane na mtu? Na ile nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, ina maana kwa mtu anayetafuta taarab au niipite? Na usiku vipi, kutembea vichochoroni ni salama? Natanguliza shukrani.


Mwana wa Vuga

Karibuni sana Unguja mkuu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu watu wengi wanakuja hapa wanaondoka bila kusikia hata udi mmoja ukipigwa, wanasikia spika za baa za ufukweni tu basi.

Mimi ningekwambia anza Forodhani, pale bustanini, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Simama uipe bahari mgongo. Mbele yako utaona Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Najua sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 kwaiyo usitegemee kuingia ndani, lakini hata kwa nje ni muhimu kwako, maana huyu Barghash ndo anayesimuliwa kuwa aliupenda muziki wa Kimisri mpaka akamtuma mtu anaitwa Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayodonolewa, aliporudi akawa anapiga kwa mfalme na kufundisha wengine. Kwaiyo taarab ilianza kama muziki wa jumba la mfalme, na ilikuwa inaimbwa kwa Kiarabu, mtu wa kawaida wa mtaani haelewi hata neno. Ukilijua hilo basi matembezi yako yote yatakuwa na maana, kwa sababu kitu utakachokuwa unakifuata siku nzima ni namna huo muziki ulivyotoka jumbani ukaingia mitaani.

Pembeni yake ni Ngome Kongwe, waliijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno. Ndani kuna uwanja wa ngazi za kukalia, na hapo ndipo kwa miaka mingi tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika kila Februari tangu 2004 (mwaka 2016 tu halikufanyika, fedha zilikosekana). Mkija mwezi ujao mtalikosa lakini ingieni tu, mara nyingine jioni kuna kikundi kinapiga.

Kisha fuata Mizingani kuelekea upande wa bandari, utapita Jumba la Forodha la zamani. Hapo ndipo kilipoanzia chuo cha muziki wa nchi za jahazi, DCMA, mwaka 2002, na vijana wengi unaowasikia sasa wanapiga kanuni na udi wametokea pale. Kabla hujaja piga simu uulize madarasa na maonyesho yao wanafanyia wapi kwa wakati huo.

Ukiendelea unaingia Malindi. Huku ndo nyumbani kwa Ikhwani Safaa, kikundi cha mwaka 1905, yaani kina zaidi ya miaka 100 na bado kipo hai. Wazee hadi leo wanakiita Malindi tu. Wao mwanzo walipiga nyimbo za Kiarabu vilevile, ni watu wa mjini, vijana waliochangishana wakaagiza ala. Kutoka hapo kata ndani kwa ndani, Kiponda, Hurumzi, utokee Jaws Corner unywe kahawa chungu na kashata, kaa barazani uwasikilize wazee, hapo kuna siasa na mpira kuliko muziki lakini ukiuliza jambo la taarab ya zamani kwa adabu utapata mtu wa kukuhadithia mpaka kahawa ipoe. Halafu shuka Mkunazini, malizia Vuga jioni, klabu ya Culture iko huku kwetu. Culture Musical Club ni ya mwaka 1958, ilianza na vijana wa siasa wa wakati ule wa chama cha Afro-Shirazi (ASP), ndo orkestra kubwa kuliko zote hapa, fidla zimejipanga mstari. Mazoezi yao ni jioni, siku za kazi mara nyingi, na kuingia unaingia, hakuna anayekuuliza kadi.

Kwa ramani, zima hiyo ya kwenye simu ukiwa ndani ya vichochoro, inachanganya watu. Ukipotea nenda upande wenye upepo utatokea baharini, ukienda upande wenye kelele za magari utatokea Darajani, huo mji ni mdogo huwezi kupotea zaidi ya robo saa.


Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mwanangu hapo juu kasema vizuri na simpingi, lakini kawapeleka nusu ya mji. Kawazungusha Mji Mkongwe akawarudisha Vuga, kama kwamba barabara ya Darajani ni mwisho wa dunia. Nusu nyengine ya muziki wa Unguja, tena mie nasema nusu kubwa, iko huku ng'ambo.

Sikiliza mwanangu wa Mwanza. Siti binti Saad kazaliwa Fumba, shamba, kwa watu maskini, babake Mnyamwezi na mamake Mzigua, watu waliokuwa wametokana na utumwa. Yaani babake ni wa huko huko bara kwenu. Kazi yao ilikuwa ufinyanzi, na yeye alikuwa akibeba vyungu kichwani kuja mjini kuuza, anatembea njia nzima huku ananadi kwa sauti, na hiyo sauti ndiyo watu waliyoanza kuijua kabla hata hajaitwa msanii. Alipohamia mjini hakukaa kwenye majumba ya mawe yale, alikaa ng'ambo, kwenye nyumba za udongo na makuti, na ndio hapo yeye na wenzake, kina Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruku, walipoanza kuipiga taarab kwa Kiswahili. Jirani anasikia, anafahamu, analia au anacheka. Waliimba habari za mahakamani, za mabwana wakubwa wanaodhulumu, za wanawake wanaoonewa. Mwaka 1928 wakapelekwa Bombay kurekodi santuri na zikauzwa pwani nzima. Mwanamke wa ng'ambo tena wa asili ya utumwa! Bila ya huyo bibi taarab ingebakia muziki wa mabwana.

Basi mie nakwambia geuza njia. Anza Rahaleo. Pale pana jengo la jumuiya ambalo redio ilikuwa hapo, na Mapinduzi ya Januari 1964 yalitangazwa kutokea hapo hapo. Lakini kabla ya siasa na baada ya siasa ile redio ndiyo iliyotusikilizisha taarab, nyimbo ngapi zimerekodiwa pale. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alifariki Aprili 2013, naye alikuwa mtu wa huku huku kwetu, alikuwa hana makuu, unakutana naye njiani anavuta sigara yake mnaamkiana. Mwaka 2005 kapewa tuzo kubwa ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, huko Ulaya karudi kakaa na watu wake vilevile.

Kutoka Rahaleo teremka Michenzani, utaona yale majumba marefu ya Karume yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, kisha njoo Kisiwandui, Darajani, ndio uvuke uingie Mji Mkongwe. Ukifanya hivyo utakuwa umetembea njia aliyotembea muziki wenyewe katika enzi ya Siti, kutoka kwa watu wa chini mpaka kuitwa kuimba kwa wakubwa. Mchana wala si mbali, dakika 15 au 20 kwa mguu wa taratibu.

Na jengine, huko ng'ambo ukipita Jumamosi na Jumapili utakuta mtaa umefungwa turubai, viti vya plastiki, wanawake wamevaa sare ya kanga, hapo pana harusi. Ukisikia ngoma ndogo mbili zinapigwa haraka haraka, na fidla moja inalia juu yake, na besi inadunda kutoka kwenye sanduku, hicho ni kidumbaki. Msijiingize. Simameni pembeni, huyo mdogo wako wa kike amtafute mama yeyote mtu mzima amuamkie shikamoo amwambie nimetoka Mwanza napenda kidumbaki. Wallahi atawekwa mbele na sahani ya pilau atapewa. Wewe kaka mtu utabaki nje na wanaume wenzio, ndio ada.

Mavazi, mwambie avae kitu cha kufunika mabega na magoti, na kanga moja kwenye mkoba haimdhuru. Na kama mwezi ujao unaangukia Ramadhani ahirisheni, taarab haipigwi, mtakuta mji mzuri lakini kimya cha ala.


Kibokoni Old Town

Salaam kutoka Mombasa. Bi Mkubwa amesema kweli tupu, na mimi naongeza tu kwa upande wa Freddie Mercury kwa sababu mwenye uzi aliuliza na hakuna aliyemjibu.

Nendeni, lakini msipeleke matarajio ya taarab. Jamaa alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia ni Maparisi waliotoka India, baba yake alikuwa keshia wa Mahakama Kuu, ile ile iliyoko Vuga. Akapelekwa India shule ya bweni akiwa mdogo, huko ndiko alikoanza bendi ya kwanza na wenzake wa shule, alafu familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Hiyo makumbusho yake iko Shangani, Kenyatta Road, imefunguliwa 2019, kuna kiingilio. Kuna nyumba zaidi ya moja mjini ambazo watu watakuonyesha wakikuambia ni hapa alikaa, msibishane nao piteni.

Mimi naona maana yake kwa mtu anayefuata muziki ni hii, ule mji ulikuwa na Mhindi, Mparisi, Mgoa, Mwarabu, Mngazija, Mnyamwezi, wote kwenye kimji ambacho unakizunguka kwa asubuhi moja, na kila mmoja alikuwa na muziki wake unapita dirishani. Sikiliza taarab ya zamani ya Unguja vizuri utasikia Cairo kwenye fidla, alafu sikiliza ya kwetu Mombasa, kina Juma Bhalo, Mungu amrehemu, utasikia filamu za Kihindi zimejaa. Bahari ni moja lakini kila mji ulichota vyake. Kwaiyo ukipita Shangani usimtafute Freddie peke yake, tazama milango, ule wenye misumari mikubwa ya shaba ni wa mtindo wa Kihindi, ule wa juu kumenyooka wenye maandishi ya Kiarabu ni wa mtindo wa Oman, inapatikana mtaa mmoja nyumba kwa nyumba. Ala nazo ziliingia hivyo hivyo.

Swala la usalama, mimi natembea kule usiku sana kila nikienda na sijawahi kupata shida ila sitembei na simu mkononi na vichochoro vya ndani kabisa baada ya saa nne usiku naviacha, nafuata barabara yenye taa. Na mapapasi, wale vijana wa kung'ang'ania wageni, pale bandarini watawafuata toka mnashuka kwenye boti, wajibuni kwa Kiswahili kizuri, shukrani kaka tunakwenda kwa ndugu, wanawaacha.


Kanuni na Fidla

Mimi ni mpigaji, sitaji kikundi, ila naomba niseme na huyo mdogo wako mpiga fidla kwa sababu yeye ndo mwenye safari.

Dada, ukija kwenye mazoezi njoo mapema, kabla watu hawajaanza. Watu wengi wanakuja muziki ukishapamba moto wanakosa kitu kizuri kuliko vyote, nacho ni kutuni kanuni. Ile ala ina nyuzi zaidi ya 70, kila sauti moja ina nyuzi tatu, na mpigaji anaziweka sawa moja moja kwa ufunguo mdogo wa chuma, anasokota, anadonoa, anasikiliza, anarudi nyuma. Havai zile pete za kupigia za vidole vya shahada mpaka amalize. Wenzake wamekaa wanapiga soga kahawa inazunguka, na taratibu fidla zinaanza kuchukua sauti kutoka kwake, moja, mbili, mwisho chumba kizima kimekuwa kwenye sauti moja bila mtu kusema tuanze. Kaa karibu nayo uiangalie mikono.

Kitu cha pili, masikio yako ya kwaya yatakusumbua mwanzo. Kule mnapiga do re mi ya kinanda, sauti zimepangwa na hazibadiliki. Huku kuna maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya Kiarabu, kuna rast, bayati, hijazi, na kwenye rast na bayati kuna sauti zinazokaa katikati, si nusu wala si nzima, kinanda hakina. Fidla inaweza kwa sababu haina vituo kwenye shingo yake, kidole kinakaa popote, ndo maana fidla imependwa sana kwenye taarab. Usijaribu kuipata kwa kusoma, isikilize tu, na kama una fidla yako uje nayo. Wewe usiombe kupiga siku ya kwanza, iweke chini ya kiti na boksi lake, watakuona nalo. Mtu atakuuliza mwenyewe wewe unapiga? Hapo ndipo mlango unafunguka. Mpiga fidla mgeni akija na heshima hapa anapewa kiti, hasa mwanamke, siku hizi wako wengi wanaopiga na wanapiga vizuri mno, hao wa chuoni wamebadilisha mambo.

Ukisikia wanaanza na kipande kirefu hakuna mwimbaji, hiyo ni bashrafu, ya kufungulia. Usizungumze wakati wa bashrafu. Watu wanafikiri ni kupasha misuli, sio, hapo ndo unapojua kikundi kina nidhamu au hakina.

Na mkipata bahati mkaenda kwenye onyesho lenyewe na sio mazoezi, wekeni noti ndogo ndogo mfukoni za kumtunza mwimbaji. Utaona mwanamke kakaa zake kimya, ghafla beti moja inamgusa, anasimama, anakwenda mbele kwa mwendo wa kucheza taratibu mkono umeinuliwa na noti, haendi mbio, anampa mwimbaji mkononi, anarudi na beti yake. Wengine wote ukumbini wanatazama ni beti gani aliinukia, na wanajua anamwambia nani. Nawe ukiguswa inuka, sio lazima uwe na neno na mtu, nyimbo nyengine ni za mapenzi tu na sauti nzuri inatunzwa kwa uzuri wake.


Mjukuu wa Kiponda (Muscat)

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, bibi yangu mzaa mama alitoka Kiponda na nyumbani kwetu mpaka leo Kiswahili ndo lugha ya jikoni na taarab ndo ya sebuleni. Harusi za familia zetu huku zinapigiwa nyimbo za Unguja na wazee wanazijua beti zote. Nimesoma uzi huu wote nikamuonyesha mama, akanambia niwaandikie neno moja. Zamani akinamama walikuwa na vikundi vyao wenyewe vya taarab, wakijiita Royal Air Force, Royal Navy, Nuru el Uyun, Sahib el Ari, na walikuwa wakitungiana nyimbo za kujibizana mpaka mji unagawika. Huwezi kuviona kwenye ramani yoyote. Anasema mkimpata bibi kizee yeyote Mji Mkongwe au ng'ambo muulizeni, bibi wewe ulikuwa upande gani? Basi kaeni chini.


Mwana wa Vuga

Bi Mkubwa shikamoo. Umenikosoa na nimekubali, njia yako ni bora kuliko yangu. Mtoto wa Kirumba fuata ya Bi Mkubwa asubuhi, Rahaleo mpaka Darajani, pumzikeni mchana kwa sababu jua la saa saba hapa si la mchezo, kula urojo Darajani au Vuga, alafu jioni fanya ya kwangu Malindi mpaka Vuga mmalizie kwenye mazoezi. Ila usifanye yote siku moja kama mnazo siku chache, gawa. Siku ya ng'ambo iwe wikendi kwa ajili ya harusi, siku ya klabu iwe siku ya kazi.


Mtoto wa Kirumba

Aisee wakuu nimekosa maneno. Shikamoo Bi Mkubwa, hilo la baba yake Siti kuwa Mnyamwezi sikulijua kabisa na nimemwambia mdogo wangu sasa hivi kapiga kelele mpaka majirani wakauliza kuna nini, mama yetu ni mtu wa Tabora. Sasa anasema Fumba lazima twende hata kama hakuna cha kuona.

Kanuni na Fidla, mdogo wangu kasoma ujumbe wako anasema anakuja na fidla, na anauliza maswali mawili nami nayaleta kama yalivyo. La kwanza, anaruhusiwa kurekodi na simu mazoezini ili arudi ajifunze zile sauti za katikati? La pili, yeye ni mkristo na anavaa msalaba shingoni, kuna ubaya wowote akiingia hivyo kwenye klabu au kwenye harusi? Asijekuwa anawakosea watu bila kujua.


Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Marahaba mwanangu. Mwambie mdogo wako msalaba wake auvae. Pale Mkunazini lipo kanisa kubwa la Waanglikana, limejengwa palipokuwa soko la watumwa, watu wa kanisa na watu wa msikiti tumeishi hapa miaka na miaka. Kinachotazamwa ni adabu na kujistiri. Akiingia harusini aseme hodi, avue viatu pale wenzake walipovua, akae alipooneshwa. Wakianza mambo ya kungwi na mwari watamwambia atoke au abakie, alivyoambiwa ndivyo afanye.

Na Fumba nendeni, gari zipo Darajani. Kule kumeanza kujengwa mji mpya wa magorofa lakini vijiji vipo. Asubuhi muondoke, ifikirieni ile safari ya miguu na vyungu kichwani, nyinyi mtakaa kwenye gari.


Kanuni na Fidla

Kurekodi, aombe kwanza kwa kiongozi wa kikundi, sio kwa yeyote aliyekaa karibu na mlango. Mara nyingi atakubaliwa kwa matumizi ya kujifunzia. Wasichopenda watu ni wimbo mpya ambao haujatoka kuonekana mtandaoni kabla ya wenyewe, mtunzi kakaa nao miezi. Kwaiyo aulize, huu ni mpya? Wakisema mpya azime.

Ila namshauri nyimbo za kwanza asirekodi kabisa, asikilize kwa masikio, aweke kidole juu ya goti lake kama vile anabonyeza uzi. Mimi hivyo ndivyo nilivyofundishwa rast na mwalimu wangu, simu hazikuwepo. Akirekodi, arekodi akiwa amekaa upande wa fidla na sio mbele ya mwimbaji, kwa sababu mbele atapata sauti ya mwimbaji na ngoma ya dumbaki tu, fidla zitapotea.

Na mkuu ukifika andika hapa hapa kwenye uzi siku mtakayokuja Vuga. Kama siku hiyo hakuna mazoezi nitakujibu mwende wapi badala yake.